Mleta Simu Alikuwa Akisubiri

Tulipokuwa watoto Talatala, baiskeli ya mtu wa posta tuliijua kwa mlio kabla hatujaiona. Ilikuwa Phoenix nyeusi, mnyororo wake umekaukiwa na grisi, na ilipokata kona kwenye migomba akina mama waliokuwa wakipepeta mchele walisimamisha ungo hewani, kwa sababu barua za kawaida hazikuletwa nyumbani; hizo tulizifuata wenyewe Kyela mjini, kwenye sanduku la shule au la kanisa, zikinuka gundi ya stempu na jasho la mikono iliyozipitisha. Kilicholetwa nyumbani kwa baiskeli kilikuwa simu ya maandishi, na simu ya maandishi miaka ile haikuleta habari za harusi.

Msomaji wa rika langu anazikumbuka. Karatasi nyepesi, herufi kubwa tupu. Maneno yalihesabiwa na kila neno lililipiwa, kwa hiyo watu walibana: BABU MGONJWA SANA NJOO HARAKA. Hakuna aliyedhani kweli kwamba babu anaumwa. Maneno hayo yalimpa msafiri nguvu ya kupanda basi bila kuanguka, na kila mtu kijijini alijua kuyasoma, hata asiyejua kusoma.

Lakini kuliko karatasi, ninamkumbuka aliyeileta. Hakuitupa akaondoka. Aliegemeza baiskeli kwenye mwembe, akasalimia, ugonile, akajibiwa ndaga, na salamu hazikukatizwa hata kama bahasha ilikuwa inamchoma mkononi. Kisha akauliza mwenye jina yuko wapi, akangoja aitwe kutoka kwenye majaruba ya mpunga, na kama mwenyewe hakujua kusoma alimsomea polepole, mara mbili, akimwangalia usoni. Akaletewa maji akanywa. Hakupanda tena baiskeli mpaka kilio kimeanza au jibu limeandikwa.

Leo ujumbe unafika kwa sekunde. Nimekaa kibarazani Talatala hii hii, kakao imeanikwa juani mbele yangu, simu inatetemeka mfukoni. Aliyeniandikia ni mashine.

Nilianza kazi mwaka 1987, msaidizi wa fundi umeme katika kiwanda kimoja cha chai kule milimani Rungwe, ambako mtu aliyezoea joto la Kyela hulala na soksi. Harufu ya kiwanda kile ninayo puani hadi leo: jani bichi lililolazwa usiku kucha kwenye vitanda virefu vya wavu ili linyauke, feni kubwa zikipuliza hewa kutoka chini, moshi wa kuni za boila, na karibu na alfajiri ile harufu tamu ya jani lililosagwa likianza kugeuka rangi ya shaba. Tulikuwa tukizijua mashine kwa sauti. Beringi ikikaribia kufa iliimba siku tatu kabla.

Habari za hatari zilitembea kwa miguu. Feni ikinyamaza usiku, mlinzi wa zamu, mzee mmoja aliyevaa koti zito mwaka mzima, alitoka nje, akashika nondo na kugonga kipande cha reli kilichotundikwa kwenye mkaratusi karibu na geti. Mapigo matatu na kituo ilikuwa umeme. Mapigo yasiyopumua ilikuwa moto. Tulitoka kambini tumejifunga mashuka, miguu mitupu kwenye umande, na mzee hakuacha kugonga mpaka aione tochi ya fundi inashuka kwenye njia ya kambi. Alipoiona tu, akaweka nondo chini.

Habari za mbali zilikuwa na chombo chao, simu ya upepo, iliyokaa chumba cha karani juu ya betri ya gari. Ofisi nyingi zilitumia masafa yale yale, hivyo kulikuwa na adabu yake, na karani alinifundisha kwa ukali kama anayemfundisha mtoto kula na wageni. Sikiliza kwanza. Yupo anayeongea? Subiri. Pako kimya? Bonyeza, jitaje, salimia, sema, maliza kwa kusema "ova", achia. Wawili wakibonyeza kwa pamoja hakusikika mtu, ilitoka filimbi tupu. Basi wote wakaachia, mmoja akanyamaza kitambo kidogo kuliko mwenzake, ndipo akaanza tena.

Miaka mingi baadaye nilipelekwa kozi, na mwalimu akatueleza jinsi Etheneti ilivyozaliwa. Nilidhani anamsimulia karani wangu. Mei 1973, pale Palo Alto, Marekani, kijana wa kampuni ya Xerox aitwaye Bob Metcalfe aliandika waraka wa namna ya kuunganisha kompyuta nyingi kwenye waya mmoja, na wazo hilo alilichota kwenye mtandao wa redio wa Chuo Kikuu cha Hawaii, ambao tangu mwaka 1971 uliziwezesha kompyuta za visiwa mbalimbali kugawana masafa. Mtandao ule uliitwa Aloha, na aloha kwa watu wa huko ni salamu. Metcalfe aliuchukua mwenendo wa redio akauboresha kwenye waya mnene: kila kompyuta isikilize kabla ya kusema, zikigongana zote zinyamaze, kila moja ingoje muda wa kubahatisha kisha ijaribu upya. Mwaka 1983 hayo yakaandikwa kuwa kanuni rasmi, kwa mwendo wa megabiti 10 kwa sekunde.

Siku hizi hakuna kusikiliza. Swichi zinaipa kila mashine njia yake, kwenda na kurudi kwa wakati mmoja, na fundi wa viwandani hana budi kushukuru, maana ule muda wa kubahatisha ndio uliotufanya tuiogope Etheneti kwa miaka mingi. Barua ya karani inaweza kungoja. Vali ya mvuke haiwezi.

Kabla Etheneti haijaingia viwandani, mitambo yetu ilizungumza kwa itifaki iitwayo Modbus, iliyotolewa na kampuni ya Modicon mwaka 1979. Ilikuwa na heshima ya nyumba ya wazee. Mmoja anauliza, mwingine anajibu, na asiyeulizwa hasemi neno hata kama anaungua. Ilipohamishiwa kwenye Etheneti ikapewa mlango wake, namba 502, na desturi zake ikaenda nazo, pamoja na ile ya kutodai nenosiri. Yeyote aliyeufikia waya aliaminiwa, akisema zima, mtambo unazimwa. Mimi sioni ajabu kwamba waliiunda hivyo, kwa sababu Talatala ya utoto wangu milango ilifungwa kwa kijiti, na kijiti kilitosha kuzuia mbuzi. Waya wa kiwanda ulikuwa unakomea kwenye ukuta wa kiwanda.

Haukomei hapo tena. Mwaka 2009 mkongo wa bahari wa SEACOM ulitua Dar es Salaam, mkongo wa taifa ukatandazwa nchi kavu mpaka huku kwetu ukavuka Kasumulu kwenda Malawi, na ile modemu ya ofisini iliyokuwa ikilia kama paka aliyekanyagwa mkia kabla ya kukubali kushika, tukaitupa stoo. Waya mwembamba wa buluu ukaingia ukumbi wa mashine. Kwenye kabati la umeme, nilikozoea kufungua na kukuta rilei thelathini zikigonga meno, nilikuta kisanduku kimoja chenye taa za kijani kikiwa na anwani yake ya mtandao na, jambo lililonishangaza kuliko yote, kikiwa na uwezo wa kuandika baruapepe.

Niliifurahia sana baruapepe ya mashine, na sababu ya furaha yangu ilikuwa salamu. Itifaki inayobeba barua hizi, SMTP, iliandikwa na Jon Postel na kutolewa Agosti 1982, miaka kumi na mmoja baada ya Ray Tomlinson kuitumia kwa mara ya kwanza ile alama ya @ kutenga jina la mtu na jina la kompyuta yake. Fundi akiwa na subira anaweza kuiandika kwa mkono, mstari kwa mstari, na mimi niliifanya usiku mmoja nikiwa zamu ili nione kinachotokea. Unabisha hodi mlango namba 25. Seva inakukaribisha kwa namba 220. Unasalimia, HELO, salamu ya Kiingereza iliyokatwa ibaki na herufi nne kama amri nyingine za itifaki hiyo, na unataja jina lako. Usiposalimia, seva nyingi hazikusikilizi. Kisha unasema barua inatoka kwa nani, inakwenda kwa nani, unaandika habari yenyewe, na ukimaliza unaweka nukta moja peke yake kwenye mstari. Ndiyo "ova" yake. Seva inajibu 250, imepokea. Unaaga, nayo inakuaga kwa 221.

Nilikaa mbele ya kioo kile nikaona ugonile na ndaga. Kumbe hata waliojenga vitu hivi ng'ambo walijua kwamba habari haitolewi mlangoni bila salamu. Tena kanuni za SMTP zinataka kila seva inayopokea barua iwe na sanduku la mkuu wa posta, na barua inayokwenda kwa mkuu wa posta haikataliwi ovyo. Nilimkumbuka mkuu wa posta wa Kyela, dirisha lake la wavu, muhuri wake unaodunda mezani, enzi za Shirika la Posta na Simu. Shirika lile liligawanywa Januari 1994, posta ikaenda zake na simu zikaenda zake, na miaka michache tu baadaye barua zikaanza kupita kwenye nyaya za simu kama ndugu waliorudiana.

Sasa niseme kilichotupata. Ilikuwa mwaka 2014, katika kiwanda nilichokuwa nimehamia, nacho nitakiacha bila jina. Tulikuwa tumefunga mfumo mpya: feni ya kunyaushia ikisimama, mtambo unatuma baruapepe kwa msimamizi wa zamu, kwa fundi mkuu na kwa meneja. Reli ya huko nayo haikuonekana kuwa na kazi tena. Walipobadilisha uzio ilishushwa, ikapakiwa kwenye lori la chuma chakavu pamoja na mabati, na mzee aliyekuwa akiigonga alikuwa amekwisha kustaafu, kwa hiyo hakukuwa na mtu wa kuuliza inapelekwa wapi.

Usiku mmoja wa msimu wa mvua feni tatu zilisimama saa nane. Mtambo ulifanya kila ulichofundishwa. Ulibisha hodi, ukasalimia, ukaandika, ukaweka nukta. Ukajibiwa 250. Barua ya msimamizi iliwekwa kwenye kapu la barua taka, maana mtumaji alikuwa na jina lisiloeleweka na barua zake zote zilifanana. Ya meneja ilifika salama sandukuni, simu yake imezimwa. Yangu, mimi fundi mkuu, ilifika pia, nami nilikuwa nimelala Talatala kwenye msiba. Saa kumi na mbili asubuhi watu wa zamu walipopanda juu walikuta jani limejichemsha lenyewe kwenye vitanda, jekundu, linanuka kama majani yaliyofunikwa shimoni. Wakulima walikuwa wamelichuma kwenye mvua, jani jani, wakalibeba mgongoni mpaka kituoni. Lilimwagwa lote.

Kikao kilitaka kujua kama mfumo ulikosea. Nilifungua kumbukumbu za seva nikaonyesha saa, dakika na sekunde, na ile namba 250 mara tatu. Mfumo haukukosea. Nilipokuwa nikisema hivyo nilijisikia vibaya, na imenichukua muda kuelewa kwa nini.

250 maana yake ni kwamba seva imebeba dhamana: ama itaifikisha barua mbele, ama itamrudishia habari aliyeituma. Hayo ni maneno mazito, na itifaki inayaheshimu. Seva ikikuta ya mbele imefungwa, huiweka barua foleni, hungoja walau nusu saa, hujaribu tena, na kanuni zinaitaka isikate tamaa kabla ya siku nne au tano. Siku nne! Kwa barua ya mtoto aliyeko masomoni huo ni uvumilivu wa kumpenda. Kwa jani lililolala kwenye kitanda cha moto ni maziko. Tena hata ikifika, haifiki kwa mtu. Inafika sandukuni, na kutoka sandukuni kuna itifaki nyingine kabisa, POP au IMAP, za yule anayekwenda kuchukua barua zake kwa wakati wake. Anayebeba na anayechukua hawaonani. Ni lile lile sanduku la posta la Kyela, lenye mlango mdogo wa bati na ufunguo unaoning'inia shingoni mwa mwalimu, ambalo ungeweza kulipita wiki nzima bila kulifungua wala hakuna ambaye angekulaumu.

Tulikuwa tumeichukua kazi ya mleta simu tukaipa sanduku la posta.

Sitaki nieleweke kama mzee anayelilia enzi zake, kwa sababu enzi zile zilikuwa na vilema vyake na nimeviona. Namkumbuka kijana wa makamo yangu aliyepoteza vidole viwili gizani akitafuta kwa kupapasa joto la beringi, kipimo ambacho leo sensa ndogo inakipeleka mpaka ofisini bila mtu kusogea. Nakumbuka tulivyosubiri kipuri kutoka Uingereza miezi mitatu, barua kwa barua, tukisoma majibu ya maswali tuliyokwisha kuyasahau; sasa picha ya gia iliyovunjika inatumwa asubuhi na bei inarudi kabla ya chakula cha mchana. Nakumbuka pia kwamba mzee wa reli alikuwa binadamu, na binadamu husinzia. Mashine haisinzii. Na ile karatasi ya saa, dakika na sekunde iliniokoa mimi na vijana wa zamu tusifukuzwe kazi kwa kosa ambalo zamani angebebeshwa mnyonge kuliko wote.

Hata hivyo mambo hayatulii. Mwaka 2022 mitambo kadhaa ninayoifahamu iliacha kuandika barua kwa siku moja. Ilikuwa mizima, ila huduma ya barua iliyokuwa ikiitumia ilikuwa imeacha kupokea jina na nenosiri tupu kama zamani, ikataka uthibitisho ambao visanduku vya mwaka 2010 havikuujua. Visanduku vikabisha, vikasalimia, vikakataliwa. Namba inayoanza na 5 ni mlango uliofungwa moja kwa moja. Sehemu nyingine ilipita miezi kabla mtu hajagundua, kwani ukimya wa mashine na usalama wa mashine vinafanana sana sandukuni. Reli iliponyamaza, angalau ungeweza kwenda kuiangalia kama bado inaning'inia.

Ninaelewa kwa nini milango inafungwa. Kijiti hakizuii mwizi wa leo, naye hatoki kijiji cha pili. Lakini salamu ile ya Postel ilikuwa ya watu waliojuana, na kila ninapoona jinsi inavyofungwa kwa kufuli juu ya kufuli naona kitu kizuri kimekwisha, nami siwezi kusema walipaswa kufanya vingine.

Nimestaafu. Mpwa wangu ana mashine ya kukoboa mpunga hapo Kyela, na mwaka jana aliniomba nimsaidie kufunga mfumo wa taarifa, kwa sababu mvua za Aprili zikija umeme wa huku unajua kukatika na kurudi na nguvu za ajabu. Tuligombana kidogo, kwa heshima.

"Mjomba, baruapepe inatosha. Kila mtu ana simu."

"Inatosha kwa kumbukumbu," nikamwambia. "Mota ikiungua nani ataisikia?"

Tuliweka vyote. Barua inatumwa kwa njia iliyofungwa vizuri kwa siri, na kila asubuhi saa moja mtambo unaandika kwamba u mzima, ili siku usipoandika tujue. Modbus imebaki ndani ya ukuta, haioni intaneti. Kisha kuna king'ora juu ya paa, na king'ora kinazimwa kwa kitufe kimoja tu, kilichoko kwenye ukuta wa mashine yenyewe. Anayetaka kimya lazima aende akasimame pale. Majirani walilalamika mara mbili. Mara ya tatu walikuja wao wenyewe kuamsha watu.

Fundi kijana unayesoma haya, uwe Kyela, Matema, Mbeya au kokote unakofunga visanduku hivi: kesho ukifika kazini, lazimisha kila mtambo ukutumie barua ya hatari, kisha nenda kwa mtu wa zamu. Usimuulize kama imefika. Muulize inasema nini.